Mkia Hung'aa Kuanzia Tumboni

Haya ni mazungumzo ya redio ya juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.



Katika mazungumzo yetu ya kila siku mkia hauna heshima. Mtoto akiwa wa mwisho darasani tunasema ameshika mkia. Timu ya mpira ikikaa chini kabisa ya msimamo wa ligi, tunasema inaburuta mkia. Na wahenga walipotaka kumtia moyo mtu aliyekaribia kumaliza kazi, walimwambia kwamba mla ng'ombe mzima hashindwi na mkia, maana yake mkia ni kitu kidogo kisichostahili kumsumbua mtu. Kwa hiyo najua wapo watakaoguna nikisema kwamba leo muda wangu wote nitautumia kuzungumza juu ya mkia. Nawaomba mnivumilie. Mkia umewahi kuvunja undugu katika nyumba yetu, na nitawaeleza ulivyofanya hivyo.

Kilichonisukuma ni barua. Imetoka kwa mwanafunzi wa darasa la sita huko Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Anaandika hivi: "Mzee, shikamoo. Ofisini kwa mwalimu mkuu kuna kalenda ya zamani yenye picha ya farasi. Mkia wake unakaribia kugusa chini, nao unang'aa. Ng'ombe wetu mkia wake ni kama ufagio uliochakaa. Kila Jumamosi nampaka mafuta ya mise, lakini singa zinazidi kupungua. Naomba uniambie, hao wenye farasi wanapaka mafuta gani?"

Swali la mwisho lilinifanya nitabasamu. Sentensi iliyotangulia ilininyima usingizi. Lakini kila kitu kwa zamu yake. Mtoto ameuliza habari za farasi, basi tuanze na farasi.

Wengi wetu katika nyanda hizi za Kasulu na Kibondo hatujapata kumwona farasi ila pichani. Farasi Tanzania wapo. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi kule Dar es Salaam, na Arusha wapo watu wanaowafuga. Nchi jirani ya Kenya ina uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, jijini Nairobi. Kwetu hawapo, na sababu yake si umaskini wala si ushamba. Sababu ni nzi mmoja anayeitwa mbung'o, ambaye wengine tunamwita ndorobo. Nzi huyu akimuuma farasi humwachia katika damu vimelea vya ugonjwa wa nagana, na farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo. Ndiyo maana katika sehemu kubwa ya nchi yetu yenye mapori ya miyombo, misafara ya zamani ilibebwa na mabega ya watu. Mliweke jina la nzi huyu akilini. Tutakutana naye tena kabla ya kumaliza.

Sasa, hao wenye farasi wanafanya nini? Mimi mwenyewe niliwahi kufika Ngong, nikazungumza na saisi mmoja, yaani mtunza farasi, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimuuliza swali lile lile la mtoto wetu: unapaka mafuta gani? Aliniambia, "Bwana, mafuta ni kitu cha mwisho. Ukianza na mafuta, umeanza kuezeka kabla ya kujenga ukuta."

Akanieleza kwanza mkia ni nini. Ndani yake kuna mfululizo wa mifupa midogo, mwendelezo wa uti wa mgongo. Juu ya mifupa kuna nyama, mishipa ya damu na ngozi. Katika ngozi ndimo singa zinamoota, na kila usinga una shina lake humo. Shina ni hai, linalishwa na damu. Lakini usinga ukishatoka nje ya ngozi umekufa, kama kucha iliyopita ncha ya kidole. Huwezi kuulisha kwa kuupaka kitu. Unachoweza ni kuulinda usikatike. Kwa hiyo kazi ya mkia ni mbili: kulisha shina kutoka ndani, na kulinda usinga kwa nje. Mafuta yamo katika kazi ya pili tu.

Singa za mkia wa farasi hukua kwa wastani wa kama sentimita mbili kwa mwezi. Piga hesabu. Usinga wa urefu wa mita moja umechukua zaidi ya miaka minne kufika hapo. Mtu asiye na subira akiukata kwa chanuo katika sekunde moja, amepoteza kazi ya miaka minne. Kwa sababu hiyo saisi hakimbilii brashi. Husimama ubavuni mwa farasi, karibu na paja, kamwe si nyuma yake moja kwa moja, maana teke la farasi halina msamaha. Huuvuta mkia taratibu kuja upande wake, huku akimsemesha mnyama ajue nani yuko hapo. Kisha huanza kwa vidole. Huondoa majani, miiba na matope, na kufungua mafundo moja moja. Chanuo au brashi hufuata baadaye, na huanzia nchani kabisa, akipanda juu kidogo kidogo, huku mkono mwingine umekamata singa juu ya fundo ili maumivu yasifike kwenye ngozi. Akina mama waliowahi kumsuka mtoto mwenye nywele ndefu wanaelewa ninachosema.

Kuosha kuna utaratibu wake. Maji safi, sabuni laini isiyochoma, kisha kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Sabuni ikibaki kwenye ngozi ya shina la mkia huleta muwasho, mnyama ataanza kujisugua kwenye nguzo, na singa zitakatika zote sehemu ya juu. Na haoshwi kila siku, kwa sababu ngozi ina mafuta yake ya asili, na hayo ndiyo mng'aro wa kwanza wa usinga. Mkia ukikauka ndipo linapokuja lile tone la mafuta, kidogo tu, linalopakwa kwa viganja kuanzia katikati kwenda chini, ili singa ziteleze zisisuguane. Mafuta mengi hukamata vumbi, na vumbi hukata singa kama msasa.

Wengine husuka mkia na kuufunika kwa mfuko wa kitambaa ili usichafuke. Hapo saisi alinyoosha kidole kama mwalimu. Kifundo cha kufungia lazima kiwe chini ya mahali mfupa unapokwisha, kwenye singa tupu. Ukifunga kamba kwa nguvu juu ya mfupa unazuia damu, na mkia unaweza kufa na kuoza.

Nilipomuuliza afanyeje farasi anayesugua mkia mpaka unapata upara, hakuniambia dawa ya kupaka. Alisema: "Mtafute anayemwasha." Inawezekana ni minyoo midogo inayotaga mayai kwenye njia ya haja kubwa. Inawezekana ni chawa au kupe. Inawezekana ni visubi wadogo wanaouma jioni. Inawezekana ni uchafu kwenye kiwele au katikati ya mapaja. Na farasi akinyonyoka bila kujisugua, basi tazama chakula. Alinitajia mti mmoja ambao nasi tunaujua, lukina, ule unaopandwa kwa ajili ya kuni, mbolea na malisho. Majani ya lukina yana lishe nzuri, lakini yana sumu iitwayo mimosini, na farasi au punda akiyala kwa wingi singa za shingo na mkia hupukutika. Ng'ombe huvumilia zaidi, lakini naye asilishwe lukina tupu. Wataalamu wanashauri isizidi kama theluthi moja ya malisho yake.

Basi huyo ndiye farasi. Sasa turudi Rungwe Mpya.

Kila nilichokieleza kinamhusu ng'ombe, punda na hata mbuzi. Ng'ombe wetu, awe wa pembe ndefu au wa nundu, ana mkia wenye mfupa mrefu na shungi la singa mwishoni. Hana mikono. Shungi hilo ndilo mkono wake wa kufukuzia wadudu. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2018 uchunguzi ulioonyesha kwamba upepo wa mkia unaopepea unaweza kuzuia karibu nusu ya mbu wasitue mwilini, na wale wanaotua huchapwa na singa. Mkulima anayekata shungi lote kwa sababu linamchapa usoni wakati wa kukamua, au kwa sababu mtu ametaka singa za kutengenezea mgwisho, amemnyang'anya ng'ombe silaha mchana kweupe. Kule New Zealand wafugaji wengi wa maziwa walikuwa na desturi ya kukata mkia wenyewe, wakiamini kwamba kiwele kitakuwa safi zaidi. Wachunguzi hawakuiona faida hiyo, na tangu Oktoba 2018 sheria ya nchi hiyo inakataza.

Wakati wa kukamua, mkia mchafu ni adui wa maziwa, hilo ni kweli. Dawa yake ni kuuosha, na kupunguza ncha ya shungi kidogo pale linapoburuta kwenye kinyesi. Ukitaka kuuzuia usipepee, ufunge kwa fundo jepesi kwenye mguu wa ng'ombe mwenyewe. Usiufunge kwenye nguzo. Ng'ombe akishtuka na kuruka, nguzo haitamfuata, na mkia utavunjika.

Ukiosha mkia, uinue utazame chini yake. Wengi tunapoogesha ng'ombe kwa bomba la mgongoni tunanyunyiza mgongo na mbavu, sehemu ambazo macho yanaziona, tunarudi nyumbani tumeridhika. Kupe hawakai huko. Wapo wanaopenda ndani ya masikio, ambao ndio wabebaji wa ndigana kali, na wapo wanaojificha chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja kubwa. Mkia usiopata kuinuliwa ni nyumba ya kupe isiyolipiwa kodi.

Kisha tazama rangi. Shungi lililokuwa jeusi likigeuka rangi ya kutu, na manyoya ya mwili yakawa makavu yaliyosimama, yawezekana mnyama anakosa madini ya shaba. Chumvi ya kawaida, hata ile nzuri ya Uvinza tuliyokua nayo, haitoshi kumpa madini hayo. Linahitajika jiwe la kulamba lenye mchanganyiko wa madini, pamoja na majani mabichi na maji ya kutosha. Ndipo shina la usinga lipate cha kujengea.

Na sasa nifike kwenye ile sentensi iliyoninyima usingizi: singa zinazidi kupungua.

Mwaka 1984 nami nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa tuliyemwita Sukari, mweupe, mwenye shungi lililofika karibu na kwato. Baba alimpenda kupita kiasi. Jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa mpiga zeze na fundi wa kutengeneza migwisho, ambayo wachezaji wa ngoma walikuja kuinunua kutoka mbali. Yeye na baba walikuwa marafiki tangu ujana wao. Wakilima, walilima pamoja. Pombe ikiiva kwetu, bakuli la kwanza lilikuwa lake.

Mwaka ule, mvua zilipoanza, shungi la Sukari likaanza kupungua. Kwanza hatukuona. Kisha asubuhi moja baba akautazama ule mkia, mwembamba kama wa panya, na jambo la kwanza lililomjia akilini likawa mgwisho. Ni nani kijijini anayehitaji singa nyeupe ndefu? Akaenda kwa jirani, akamkuta ana singa nyeupe zimefungwa kwenye kamba juani. Haikuhitajika zaidi ya hapo.

Jirani hakupiga kelele. Alikuja zizini, akaushika mkia wa Sukari mbele ya baba na mbele yetu watoto, akasema: "Ndugu yangu, tazama hapa. Mimi nikikata, kisu huacha vishina vifupi vya urefu mmoja. Hapa hakuna vishina. Hapa kuna ngozi." Kisha akavuta singa chache zilizobaki kwa vidole viwili. Zilitoka kama manyoya ya kuku aliyelowekwa kwenye maji ya moto, na ng'ombe hata hakugeuka. Akasema, "Huyu anaumwa."

Baba alimwambia atoke zizini kwake.

Shauri lilifika kwa wazee, nao hawakupata ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Lakini baba alikuwa na hukumu yake. Akaacha kumsalimu. Ninyi mnaotoka Buha mnajua salamu ni nini kwetu, jinsi tunavyosimama njiani, tunavyopiga makofi na kuulizana hali ya nyumba nzima hadi ya mifugo. Kumpita mtu bila salamu ni kumzika akiwa hai. Mama naye, ili kuurudisha mkia, alimpaka Sukari mafuta ya mise kila jioni. Mkia ulinukia vizuri. Sukari alikonda, akatoa mimba, na kabla masika hayajaisha akafa.

Ilipita miaka kadhaa. Ng'ombe mwingine wa baba akaanza vilevile, macho yakitoa machozi, tezi za mbele ya bega zikivimba, shungi likipukutika. Safari hii alikuwapo kijijini bwana mifugo kijana, akachukua tone la damu, akaenda kulitazama kwa hadubini. Ilikuwa nagana. Alichoma sindano, na ng'ombe yule akapona. Halafu akamwambia baba jambo ambalo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, Wamaasai wakiwamo, wamelijua kwa muda mrefu: ng'ombe mwenye nagana mara nyingi hupoteza singa za mkia. Jioni ile ile baba alivaa koti lake, akaenda nyumba ya tatu. Jirani alikuwa amekwisha kuhamia Uvinza na familia yake. Baba hakumwona tena, na hakupenda kulizungumza jambo hilo mpaka alipofariki.

Nimewaeleza habari hii, ndugu wasikilizaji, ili muone kwa nini swali la mafuta si dogo.

Nagana inafanyaje kazi? Mbung'o hunyonya damu ya mnyama mwenye vimelea. Vimelea hukua ndani ya nzi, kisha nzi anapomuuma mnyama mwingine huviingiza. Katika damu vinazaana. Mwili hupambana navyo, lakini vimelea hivi vina ujanja wa kubadili koti lao la nje. Kila mwili unapokwisha kuwatambua, wanavaa koti jingine, ndiyo maana homa huja na kuondoka, na ndiyo maana hadi leo hakuna chanjo. Damu inapungua. Mnyama aliyepungukiwa damu anabana matumizi kama maskini mwenye akili: anaulisha moyo, anaulisha ubongo, na mkia anauacha kwa baadaye. Shina la usinga likikosa chakula, usinga huanguka. Kwa hiyo mkia ni kama kioo cha dirisha. Ukiona moshi kwenye kioo, huendi kukipangusa kwa nje. Unafungua mlango uone nini kinaungua ndani.

Hata hivyo tusiwe kama baba, tukahukumu kwa dalili moja. Singa zinaweza kuanguka kwa njaa, kwa minyoo, kwa upele, kwa lukina, na kweli kisu nacho kipo. Mtazame kwanza yule jirani alivyofundisha: vishina vya urefu mmoja ni kisu, ngozi tupu ni maradhi au lishe. Kisha mwite mtaalamu wa mifugo apime damu. Dawa za nagana zipo, lakini hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mnyama, na uzito unaweza kukadiriwa kwa kamba maalumu inayozungushwa kifuani. Anayenunua dawa gulioni na kuchoma nusu ya kipimo ili kubana fedha, anawafundisha vimelea kuizoea dawa. Kesho haitawaua, si kwake tu bali hata kwa jirani.

Na nzi mwenyewe? Mbung'o anapenda kuuma miguuni na tumboni. Kwa hiyo ukiogesha kwa dawa inayoua kupe na nzi kwa pamoja, usiache miguu na tumbo, kama vile usivyopaswa kuacha masikio na chini ya mkia. Ipo pia mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, kwa sababu buluu humvuta nzi na weusi humfanya atue. Unguja walifika mbali zaidi. Mbung'o madume walikuzwa Tanga kwa mamilioni, wakahasiwa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege kisiwani. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume hasi, hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana Unguja mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa, imezungukwa na bahari. Sisi tumezungukwa na mapori na mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, na nzi tuliyemmaliza leo anaweza kuletewa ndugu zake kesho. Kwa hiyo hapa kwetu kazi hii ni ya kila mwaka na ya kijiji kizima.

Na tusisahau kwamba mbung'o hachagui. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka maporini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na wilaya zetu za Kibondo na Kasulu zimeendelea kutajwa katika ugonjwa huo kwa miaka mingi baadaye. Ng'ombe anaweza kubeba vimelea vya malale vinavyompata binadamu. Mkia unaopukutika zizini unaweza kuwa habari inayomhusu mtoto anayelala ndani ya nyumba. Ukiona homa isiyokwisha, kichwa kuuma, usingizi wa mchana na akili kuyumba, usisubiri, nenda hospitali ukapimwe damu.

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu kwa kifupi, ili apate cha kunakili daftarini. Kwanza, mlishe ng'ombe wako vizuri, mpe maji na jiwe la madini. Pili, mpe dawa ya minyoo kwa wakati wake. Tatu, muogeshe mwili mzima, na uinue mkia. Nne, uoshe mkia kwa sabuni laini na usuuze vizuri, ufungue mafundo kwa vidole kuanzia nchani. Tano, usiufunge juu ya mfupa na usilikate shungi lote. Sita, singa zikipungua, tazama kama kuna vishina, halafu mwite mtaalamu. Saba, na ya mwisho kabisa, kama hayo yote umeyatimiza na bado yamebaki mafuta ya mise nyumbani, tone moja halina ubaya.

Barua yake ilipofika, nilimpigia simu mwalimu wake siku hiyo hiyo. Mtaalamu wa mifugo akapita, akapima damu. Vimelea vilionekana, na ng'ombe amekwisha kuchomwa sindano. Mwalimu ananiambia anakula tena. Singa hazitarudi kwa Jumamosi moja. Zitarudi polepole, kadiri damu inavyorudi, na kijana atakuwa amekwisha kumaliza darasa la saba kabla mkia ule haujafanana na ule wa kalenda. Mwambieni asikate tamaa, wala asimtuhumu mtu.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakia heri.